Usimlipe mtu akuangalizie waranti kwenye kompyuta

Usitume hiyo laki mbili. Kama umeshaituma, usiongeze hata shilingi moja ya kutolea.

Umeuliza mambo matatu: utajuaje kama mahakama hapa Uganda imekutolea waranti, yaani amri ya kukamatwa, baada ya kukosa tarehe yako ya kesi, kama cheti cha tabia njema kitaonyesha, na kama utavuka mpaka wa Malaba salama. Halafu mwishoni ukagusia, kama jambo dogo tu, kwamba kuna kijana mwenye rafiki wa makao makuu ya polisi atakayekuangalizia jina kwa laki mbili. Hapo ndipo moyo ulipopiga. Mimi nilimlipa mtu wa aina hiyo laki tatu, na hasara niliyoipata haikuishia kwenye laki tatu.

Mwaka 2023 nilikuwa naendesha lori la mahindi kwenda Juba. Nikamgonga mwenye boda boda, akavunjika mguu, nashukuru Mungu alipona. Nikashtakiwa, nikapata dhamana: laki tano taslimu na wadhamini wawili. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia kituo cha polisi. Kesi ikaahirishwa mara mbili. Tarehe ya tatu ikanikuta Juba, gia ya lori imekufa. Sikumpigia wakili, sikumpigia karani, mjomba naye sikumwambia. Nilijisemea wataahirisha tena.

Niliporudi nikaingiwa na hofu, nikafanya kama wewe: nikaanza kutafuta kwenye intaneti. Nikaangalia video ya Mmarekani anachapa jina lake kwenye tovuti ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti yao, na hapo hapo anaona kama ana waranti. Kwao ipo, sherifu wengi wanaweka orodha hizo wazi. Sisi hatuna tovuti ya umma ya kuandika jina lako ikakujibu. Tovuti ya sheria iitwayo ULII utaikuta, na ni bure, lakini pale kuna hukumu na sheria, waranti ya hakimu huikuti. Ule mfumo wa kesi wa mahakama, ECCMIS, ulioanza 2022, ni wa mawakili na wenye kesi zao, siyo daftari la kila mpita njia.

Basi nikiwa sijui hayo, akanijia mtu nje ya geti la mahakama. Shati jeupe, faili kwapani, anamsalimia kila askari kwa jina. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Baada ya siku mbili akanitumia picha ya skrini: jina langu, namba ya kitambulisho, na mbele yake neno moja kwamba sina rekodi. Nikalipa. Nikalala usingizi mzito wiki tatu.

Baadaye wakili wangu aliitazama ile picha akanionyesha vijistari vya pembeni. Ulikuwa ukurasa wa Excel. Yule mtu alikaa akachapa jina langu mwenyewe! Hakumuuliza mtu yeyote. Mpaka leo nikipita pale namwona, faili lile lile, na watu wamemzunguka, wengine akina mama wenye watoto mgongoni. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Walinikamata Ijumaa alfajiri kwenye maegesho ya malori. Gari la polisi likasimama, na kiti cha nyuma alikuwa amekaa mjomba. Mahakama ilikuwa imemwita aeleze mtu aliyemdhamini yuko wapi, akatakiwa alipe pesa aliyoahidi au aonyeshe nilipo. Akaja kuonyesha. Alininyooshea kidole kupitia dirishani, kisha akageuza uso upande wa pili, akabaki anatazama tairi za lori la jirani hadi tunaondoka. Alikuwa amevaa ile koti yake ya kwenda kanisani. Nililala selo hadi Jumatatu. Laki tano za dhamana zikapotea, kazi ikapotea, na mjomba alichukua mwaka mzima kuniitikia salamu.

Sasa sikiliza jambo moja. Waranti haikai hewani, inakaa ndani ya jalada la kesi, na jalada liko kwenye masijala ya mahakama ile ile uliyokosa kufika. Huko ndiko kunaulizwa. Haiozi wala haifutiki kwa muda: sheria ya mahakama za mahakimu inasema inabaki na nguvu hadi itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute, na unaweza kukamatwa nayo kona yoyote ya Uganda. Hata polisi wa mbali, wa Arua, hana haja ya kukujua.

Tafuta kwa namba, usitafute kwa jina. Jina langu kwenye jalada lilikuwa limeandikwa Moses wakati mimi ni Musa. Na ujue kuna namba mbili: ile ya daftari la makosa la polisi, inayoanza na CRB, na ile ya mahakama yenye mwaka mwishoni. Karani ukimpa ya CRB peke yake atafungua daftari kubwa, atapekua, atakwambia hakuna, nawe utatoka ukicheka. Yangu ilipopatikana, wakili alinionyesha jalada: karatasi ya kahawia, tarehe nne mfululizo kwa wino wa bluu, na mbele ya ile ya tatu herufi mbili nyekundu, W/A, yaani waranti ya kukamatwa. Ni hizo tu. Mtu yeyote angeziona kwa dakika moja kama angeulizwa masijala.

Usiende kuuliza mwenyewe mikono mitupu, maana waranti ikiwepo unaweza kushikwa pale pale. Mtume wakili kwanza. Mwambie akuonyeshe cheti chake cha kufanya kazi cha mwaka huu, kwa kuwa hutolewa upya kila mwaka, na mtu wa getini hana. Kama huna pesa kuna Justice Centres Uganda, wanasaidia wasio na uwezo bila malipo. Wakili akikuta W/A, mnapanga siku, unafika mwenyewe mbele ya hakimu na wadhamini wako, na ushahidi wa kwa nini ulikosa: karatasi ya fundi, ya hospitali, muhuri wa mpakani kwenye pasipoti. Anaomba waranti ifutwe. Hakimu humtazama aliyejileta kwa jicho tofauti na aliyeletwa na pingu, nimekaa kwenye benchi lile nikayaona yote mawili siku moja.

Na wakikushika kabla, Katiba kifungu cha 23 inataka uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kituoni, ni bure, yeyote anayekutajia bei anakuibia.

Hukusema nani alikudhamini. Mpigie leo, kabla ya wakili, kabla ya kula. Mwambie ulikosa tarehe na uko wapi, asije akalisikia kwa askari aliyesimama mlangoni kwake.