Plagi Ikilowa Oili, Usikimbilie Kununua Nyingine

Kwa miezi kadhaa nilitembea na plagi ya akiba mfukoni. Pikipiki yangu kuukuu ya silinda mbili ilikuwa ikiua plagi ya kushoto kila baada ya siku chache: injini inakohoa, inavuta kwa silinda moja, naifungua naikuta nyeusi, imelowa, inang'aa. Mafundi wawili walinirekebishia kabureta, na hali haikubadilika.

Weusi wa plagi si wa namna moja. Ukiigusa ukapata masizi makavu kama ya chungu, petroli inaingia nyingi mno au chujio la hewa limeziba, na hapo kabureta inahusika kweli. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, iache hewani, itakauka. Oili haikauki, inateleza kidoleni na kubaki pale pale. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu au ya kijivu.

Nilipoelewa hilo nilizibadilishanisha plagi mbili. Oili ikaendelea kuonekana kushoto, kwenye plagi iliyotoka kulia ikiwa safi. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya silinda.

Kabla ya kufungua injini, pima oili. Ikizidi alama ya juu, au mpira wa kupumulia injini ukiziba, oili husukumwa isipotakiwa. Na soma kitabu cha pikipiki yako, maana kuna zinazopimwa kijiti cha oili kikiwa kimekazwa na nyingine kikiwa kimeegeshwa tu. Ukikosea hapo utajaza kupita kiasi.

Kisha tazama moshi wa bluu unatoka wakati gani. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji spana. Ukitoka unapovuta mafuta kwa nguvu, hasa kupanda mlima, shuku ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Wangu ulitoka asubuhi nikiwasha, na tena nikimaliza kushuka mteremko mrefu nimeachia mafuta, pale nilipovuta upya. Mafuta yakifungwa, silinda hufyonza kwa nguvu, na sili za valvu, vile vizibo vidogo vinavyozuia oili isiteremke kando ya valvu, zikichoka huachia oili ipite.

Nikahakikisha kwa geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto, mkono wa mafuta umezungushwa hadi mwisho. Nikatia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, nikapima tena. Ringi zikiwa zimeisha, kipimo hupanda waziwazi, kwa sababu oili huziba mianya yake kwa muda. Changu kilibaki karibu vilevile, sawa na cha kulia. Ringi zilikuwa nzima.

Tulipofungua kichwa cha silinda, sili za kushoto zilikuwa zimekauka, ngumu kama plastiki. Nilimwomba fundi atikise kila valvu ndani ya bushi yake, yaani kijineli kinachoiongoza, kwani bushi ikiwa imelika, sili mpya haidumu. Zilikuwa imara. Tukabadilisha sili za silinda zote mbili na kufunga plagi mpya; ya kushoto sasa inatoka kahawia kama mwenzake.