Nimpe njiti wangu matone ya kuongeza kinga?

SWALI: Daktari, binti yangu alizaliwa wiki ya 30. Tumeruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na kilo 1.9, ananyonya vizuri. Jirani ameniletea matone ya mitishamba yenye asali, anasema yanapandisha kinga ya njiti. Nimpe kiasi gani?

JIBU: Usimpe hata tone moja, mama. Kama ulishaanza, acha leo na uwaambie kliniki; hakuna atakayekugombeza.

Swali hili naulizwa kila wiki, kinachobadilika ni chupa tu. Kingamwili za mama, yaani protini zinazopambana na vijidudu, humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, na nyingi huvuka miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Wako alizaliwa kabla ya kupokea sehemu kubwa ya fungu lake. Ngozi yake ni nyembamba, utumbo haujakomaa, na chembe nyeupe za damu huchelewa kufika penye vijidudu. Hayo yote hukomaa kwa muda wake. Anayekuuzia kitu cha kuyaharakisha anakuuzia uongo, na uongo huo una madhara: chupa isiyo safi hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye utumbo huo mchanga. Asali nayo huweza kubeba bakteria wa botulizimu, ambao sumu yake hulegeza misuli hadi ile ya kupumua. Haifai kwa mtoto yeyote asiyetimiza mwaka, sembuse njiti. (Vitamini na madini ya chuma alivyoandikiwa hospitali endelea navyo, hivyo ni vya mifupa na damu.)

Kinga anayoweza kuazimwa sasa unayo wewe. Maziwa yako yana kingamwili zinazotanda kwenye ukuta wa utumbo wake. Mnyonyeshe, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, na kila anayemshika anawe mikono kwanza. Mwenye mafua asimkaribie. Chanjo zihesabiwe tangu siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa.

Kinachoniumiza zaidi ni muda unaopotea. Nimepokea watoto waliopewa matone siku mbili nzima, nyumbani wakisema "tuone kwanza, mbona hana homa." Njiti mwenye maambukizi ya damu mara nyingi hachemki; hupoa. Joto chini ya nyuzi 35.5 ni hatari sawa na lile la 37.5 na kuendelea. Tazama pia kunyonya: aliyekuwa ananyonya vizuri akaanza kukataa ziwa, au analegea na haamki kwa urahisi, huyo anaumwa. Vivyo hivyo anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayeguna kwa kila pumzi, ambaye kifua kinabonyea ndani, au anayesita kupumua.

Ukiona hata moja kati ya hizo usingoje kupambazuke. Mfunge kifuani, mfunike kichwa, mwende hospitali usiku huohuo.