Nchi nimeijua nikiwa mbali

Mkuu, umeuliza kama kuishi nje kunamfanya mtu aidharau nchi yake. Mimi ni wa Tanga, mwaka wa tisa sasa niko Hamburg, Ujerumani. Kweli, yapo niliyoacha kuyavumilia: kuambiwa "njoo kesho" ofisini wiki nzima, siikubali tena.

Lakini jirani yangu wa mlango wa pili alifariki, nami nikajua nilipoona makochi yake yanateremshwa ngazi. Nililia. Kwetu turubai lingekuwa limeshafungwa, masufuria ya majirani yako jikoni, watu wamelala mkekani na wafiwa. Nilipokuwa huko niliona ni kawaida tu! Siku hizi mama akipiga simu, swali langu la kwanza ni nani kafiwa mtaani, nitume rambirambi.