Ukifuata konsatina Clare, usizunguke

Safari yangu ya kwanza Ireland niliiharibu kwa kuipanga sana. Nilikuwa na daftari: siku mbili Dublin, moja Galway, nusu siku kwenye majabali ya Moher, halafu Cork, halafu nyumbani. Nilikuwa nimefuata konsatina, na kwa siku nane nzima niliisikia mara mbili. Mara moja kati ya hizo ilitoka kwenye spika ya duka la zawadi.

Safari ya pili nilikaa kijiji kimoja kwa siku kumi, sikutoka ila kwa miguu au kwa lifti ya jirani. Haya ninayoandika yametoka huko.

Kwa wasioijua: konsatina ni ndugu mdogo wa akodiani. Ina mbao mbili za pembe sita, mvukuto katikati, vitufe huku na huku, na inaenea mapajani kama paka. Wakati Charles Wheatstone anatengeneza ya kwake London, Mjerumani Carl Friedrich Uhlig naye alikuwa anaunda yake mjini Chemnitz, mwaka 1834. Iliyoteka Ireland ni ile yenye asili ya Uhlig, inayoitwa Anglo, kwa kawaida ya vitufe 30. Kitufe kimoja kina sauti mbili: ukibana mvukuto unapata noti hii, ukivuta unapata nyingine. Ndiyo maana muziki wake una kupumua ndani yake. Mimi nimejifunza akodiani ukubwani, Unguja, ile ya kinanda ambayo ukibana ukivuta noti ni ileile, na siku ya kwanza kushika Anglo vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu aliyevaa viatu kinyume.

Kwa nini Clare, na si Dublin? Konsatina za Kijerumani za bei rahisi zilipoingia vijijini, watu wa wilaya ya Clare, huko magharibi, walizishika kuliko wengine wote, na hasa wanawake. Chombo kilikaa jikoni karibu na moto, kisishike unyevu, na watu walichezea humohumo, kwenye sakafu ya mawe. Kisha mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kumbi za dansi: dansi ya hadhara ikawa haina budi kuwa na kibali, na mapadri na polisi wakaitumia kuzibana hata dansi za majumbani. Watu wakahamia kumbini, na ukumbini konsatina haisikiki. Akodiani ikachukua kiti. Konsatina ikabaki kwa wachache hadi vijana wa miaka ya 1970 walipoifuata tena kwa wazee.

Ukilielewa hilo umeshajua nusu ya kupanga safari. Hiki ni chombo cha chumba kidogo. Usikitafute penye jukwaa kubwa.

Kwa sababu hiyo nitasema jambo ambalo wapenzi wa muziki wa Ireland watanigombeza: kama ni mara yako ya kwanza na umefuata konsatina, achana na Fleadh Cheoil. Ni tamasha kubwa la mwezi wa Agosti, linahama mji kila baada ya muda, watu wanajaa mpaka barabara hazipitiki. Uzuri wake upo. Lakini mimi nataka kusikia kitufe kikibonyezwa, sitaki kukanyagwa.

Nenda Miltown Malbay, hukohuko Clare, mwezi Julai. Kuna shule ya majira ya joto iliyoanza 1973, mwaka uleule aliofariki Willie Clancy, mpiga zumari ya mfuko wa hewa wa hapohapo, na imepewa jina lake. Kwa wiki nzima asubuhi ni madarasa, mchana mihadhara na maonyesho, jioni muziki kila kona. Jiandikishe darasa la konsatina hata kama hujawahi kuishika. Nasisitiza hili. Mtalii husikiliza dakika ishirini akaondoka. Mwanafunzi hujulikana jina kabla ya siku ya tatu, na anaambiwa ile siri ambayo haiandikwi kwenye ratiba, kwamba leo usiku fulani atakuwa jikoni kwa fulani. Usiku wangu bora kuliko zote niliupata hivyo, watu tisa na birika la chai.

Ukishindwa Julai, zipo nafasi nyingine. Doolin wana wikiendi yao Februari kwa kumbukumbu ya Micho Russell, mpiga filimbi. Ndugu yake Packie alikuwa mpiga konsatina wa kutajika. Feakle, mashariki mwa Clare, wana tamasha lao Agosti, dogo na lenye heshima. Na Ennis, mji mkuu wa wilaya, una muziki karibu mwaka mzima. Wakati wa baridi mvua itakunyeshea, lakini viti vya karibu na wapigaji vitakuwa wazi.

Sasa viza, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ireland haimo kwenye Schengen. Viza yako ya Ufaransa au Ujerumani haikufikishi, wala ya Uingereza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaomba viza ya Ireland yenyewe: unajaza fomu mtandaoni, unaichapisha, unaisaini, unapeleka na nyaraka zako. Niliyoomba mimi, ya kuingia mara moja, ilikuwa euro 60. Maombi hupokewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na hapo ndipo penye kasheshe, kwa sababu vyumba vya Miltown vinaisha mapema mno, wakati huo wewe hata fomu hujaruhusiwa kujaza. Tafuta chumba kinachoweza kufutwa bila malipo, na ukitafute mwanzoni mwa mwaka. Miltown pakijaa, jaribu Spanish Point, unatembea tu, au Quilty na Lahinch ukiwa na gari. Ile barua ya kuandikishwa darasani iweke juu kabisa ya nyaraka. Inaeleza unakwenda kufanya nini kuliko barua ya kurasa mbili uliyoandikiwa na shemeji.

Tiketi: pita Doha, Dubai au Istanbul ushukie Dublin. Njia ya London inaonekana rahisi mpaka uulizwe viza ya kupitia. Kutoka Dublin unapanda treni kituo cha Heuston, unabadilisha Limerick, unashuka Ennis. Kutoka Ennis kwenda pwani mabasi yapo ila ni ya kuhesabu, basi uliza ratiba kabla hujakaa kula. Ukikodi gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, lakini barabara ni nyembamba, zimebanwa na kuta za mawe, na trekta halina haraka.

Kabla hujaondoka, fundisha sikio. Usiende mtupu. Tafuta rekodi za Elizabeth Crotty, aliyezaliwa 1885 na kuendesha baa na mumewe pale Kilrush, zile zilizofanywa wakati redio ya taifa ilipopita miaka ya 1950 kuwarekodi wapigaji wa vijijini. Baa ingali uwanjani pale kwa jina lake. Kisha msikilize Chris Droney wa Bell Harbour, aliyefariki 2020 akiwa na miaka zaidi ya tisini: mapigo yake yanaruka, miguu haitulii. Kisha Mary MacNamara wa Tulla, polepole, kwa ile huzuni ya mashariki mwa Clare isiyolia. Mwisho Noel Hill. Wazee walicheza zaidi kwa kufuata safu moja ya vitufe. Hill na waliomfuata wanaruka safu hadi safu, muziki unatiririka kwa namna nyingine kabisa. Ukiwasikia hao wanne mara tano tano, utakapoingia chumbani utatambua nani mwanafunzi wa nani. Na mimi binafsi nitakuongezea Kitty Hayes, aliyeiweka konsatina chini miaka mingi akilea familia, akaishika tena uzeeni na kurekodi. Kila nikimsikiliza nawakumbuka kina mama wa kwetu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Baa. Najua wengine mmeshasita hapo. Nami nilisita, mtandio kichwani, mlangoni. Kwa watu wa Clare baa ni sebule ya kijiji: utakuta bibi na mjukuu, mtu anakunywa supu, mbwa amelala. Niliagiza chai kila usiku na hakuna aliyenitazama mara mbili. Walio chini ya miaka 18 hutakiwa kutoka saa nne usiku kuanzia Mei hadi Septemba, saa tatu miezi mingine, basi kama una watoto wawahishe kwenye vikao vya mchana. Na kwa wanaoswali: Julai jua linazama saa nne usiku imepita kidogo. Magharibi itakukuta muziki ndiyo kwanza unachanganya, na Isha yake ni ya kukesha. Panga mapema utaswalia wapi. Mwenye nyumba niliyopanga alinipa chumba cha kupigia pasi, akaondoa na paka.

Kikao chenyewe wanakiita seisiún. Nilifika saa moja jioni siku ya kwanza, nikakuta meza tupu, nikadhani nimekosea mlango. Huanza saa tatu na nusu, pengine zaidi. Wapigaji hukaa duara, wakitazamana, wakiwapa nyie mgongo, na wala si kiburi: hawawapigii nyie, wanapigiana. Viti vya duara ni vyao hata vikiwa vitupu. Kaa nyuma ya mwenye konsatina, kidogo pembeni, ili uione mikono yote miwili. Wakipiga, nyamaza. Makofi ya kufuatisha mapigo hayatakiwi.

Hapa nilifanya kosa la mtu wa taarab. Rili moja, yaani muziki wa dansi wa haraka, ilinipanda, nikainuka na noti yangu ya euro kumi nikamtunze mpigaji, kama nifanyavyo kwetu, kwa mwendo na madaha yake. Chumba kizima kikaganda. Yule baba alinitazama kama niliyemkabidhi hati ya mashtaka. Jirani yangu akanishika mkono taratibu, akanieleza: ukipendezwa, waagizie kinywaji, kipelekwe mezani bila kelele. Basi. Usiku uleule nikafanya la pili, nikatoa simu nikarekodi. Hilo aliniambia mpigaji mwenyewe, kwa upole uliouma zaidi kuliko ukali: ungeuliza kwanza.

Usinunue konsatina huko kwa pupa. Nzuri, kama zile za zamani za fundi Jeffries, ni maelfu ya euro, na mafundi wa sasa wanaosifika wana foleni ya miaka. Za bei ndogo mvukuto wake ni mgumu na zitakukatisha tamaa. Uliza kwanza kama utapata ya kuazima au kukodi kwa wiki ya darasa. Ukiwa na yako, panda nayo ndegeni mkononi, usiitie kwenye mizigo.

Jambo la mwisho la kuandaa: wimbo mmoja wa kwenu. Usiku ukienda sana, mtu atakugeukia akuombe, na "sijui kuimba" haikubaliki. Mimi niliazima akodiani ya kijana mmoja nikapiga wimbo wa taarab ya zamani, beti mbili tu, sauti ikitetemeka. Kimya kilichofuata kilikuwa kimya cha kusikiliza. Nilipomaliza, yule baba wa euro kumi aliniomba nirudie kipande cha mwanzo, polepole. Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kifudifudi, akaniuliza kama anaruhusiwa.