Wasomaji Wanauliza: Miguu Inayojikunja ya Lancaster ya Mfano

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Lincoln, Uingereza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirusha ndege za mfano za rimoti. Sasa nimeanza kujenga Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa skeli ya 1:8. Nimekwisha kukata mbavu za mabawa, na nimenunua miguu ya umeme inayojikunja (ile inayobeba magurudumu, na inayoingia ndani ya bawa ndege ikipaa), iliyotengenezwa kwa ajili ya mfano wa Spitfire, ndege ndogo ya kivita. Mwenzangu ananishauri niifunge kwenye plaiwudi ya milimita 6 na kuendelea na kazi. Nina wasiwasi, kwa kuwa kiwanja chetu ni cha nyasi na ndege yangu inaweza kufikia kilo 24. Je, wasiwasi wangu una msingi? Na kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, nikipime miguu ikiwa nje au ikiwa imekunjwa? — Msomaji, Lincoln

JIBU: Wasiwasi wako una msingi kabisa, ndugu yangu, na ninakuomba usifunike bawa hata kipande kimoja kabla suala la miguu halijakwisha. Katika ndege ya ukubwa huu, miguu si kifaa cha kupachikwa mwishoni bali ni sehemu ya mifupa ya bawa lenyewe.

Tuanze na uzito. Lancaster halisi, iliyosanifiwa na Roy Chadwick na kuruka kwa mara ya kwanza Januari 9, 1941, ina upana wa mabawa wa mita 31.09 na iliweza kupaa ikiwa na takriban tani 30. Ukigawanya upana huo kwa 8 unapata mita 3.89. Eneo la bawa, ambalo ni mita za mraba 120.5, hugawanywa kwa 64 (8 mara 8) na kubaki karibu 1.88, lakini uzito hugawanywa kwa 512 (8 mara 8 mara 8), na hata hivyo zinabaki kilo 60 hivi. Kwa hiyo kilo zako 24 ni uzito mdogo kwa umbo hilo, na kila mita ya mraba ya bawa itabeba chini ya kilo 13, mzigo unaoiruhusu ndege kutua kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Kwa bawa huo ni mzigo wa starehe. Kwa miguu hali ni nyingine.

Wengi hudhani kwamba mguu huvunjika kwa sababu ndege imeshuka kwa kishindo. Kishindo kinaumiza, ni kweli, lakini springi nzuri hukipunguza. Kinachoangusha ndege nyingi za mfano kwenye viwanja vyetu ni nyasi, kwa sababu gurudumu linapozigusa huvutwa kuelekea nyuma huku ndege nzima ikiendelea kwenda mbele. Spitfire hukunja miguu yake ubavuni, kuelekea nje ya bawa, hivyo mvuto wa nyasi hupita upande ambao egemeo la mguu halikunjiki. Lancaster hukunja miguu yake kuelekea nyuma, ndani ya maganda ya zile injini mbili za ndani. Maana yake ni kwamba kila unapotua, nyasi zinausukuma mguu kule kule unakojikunjia, na kinachouzuia ni kufuli peke yake. Miguu uliyonunua haikusanifiwa kwa kazi hiyo, hata kama maelezo yake yanasema inabeba kilo 30.

Jambo hili mimi nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga mfano wa Mosquito, ndege ya vita ya injini mbili ambayo nayo hukunja miguu nyuma, nikatumia miguu ya aina hiyo hiyo. Ilitua vizuri mara nane. Mara ya tisa nyasi zilikuwa na umande na zilikuwa hazijakatwa kwa wiki mbili. Mguu wa kushoto ulijikunja taratibu, kana kwamba nimebonyeza swichi, na propela ikachimba ardhi. Nilipofungua ganda la injini nilikuta kipini cha chuma cha milimita 3, kile kinachoingia kwenye tundu la kufuli, kimepinda kama ndoano ya kuvulia dagaa. Plaiwudi ilikuwa nzima, gundi ilikuwa nzima, na mota ilikuwa nzima.

Suluhisho liko kwenye ndege halisi. Nyuma ya miguu yake kuna fimbo zinazokunjika katikati, mfano wa goti. Mtu akisimama akalinyoosha goti lake mpaka mwisho, anaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kukaza misuli, kwa kuwa mifupa yenyewe ndiyo inayobeba. Tengeneza fimbo mbili za alumini kwa kila mguu, ziunganishwe kwa bolti ya chuma, na zikinyooka zipite mstari ulionyooka kwa milimita 2 au 3 hivi, kisha zigote kwenye kizuizi, huku springi ikizishikilia hapo. Ukifanya hivyo, kadiri nyasi zinavyousukuma mguu ndivyo goti linavyozidi kukaza. Mota inabaki na kazi mbili tu: kuvunja goti wakati wa kukunja na kuushusha mguu polepole wakati wa kutua. Kabla ya kufunika chochote, funga mizani ya ndoano kwenye ekseli ya gurudumu na uvute nyuma kwa nguvu ya kilo 15. Ukiona hata ufa wa gundi, ni afadhali uuone mezani.

Plaiwudi ya milimita 6 inafaa, lakini isiishie kwenye ubavu mmoja. Lancaster ina mihimili miwili ndani ya bawa, wa mbele na wa nyuma. Pande zote mbili za ganda la injini weka ubao unaoikamata mihimili hiyo yote miwili, kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo kwenye kona. Milango ya maganda usiipe mota zake. Iache ifungwe na mguu wenyewe kwa vijiti, kwani kila mota unayoiondoa ni hitilafu moja unayoikwepa. Gurudumu la mkia liache lilivyo, maana la Lancaster halijikunji.

Kitovu cha uzito kipime miguu ikiwa imekunjwa, kwa sababu inaporudi nyuma inabeba uzito pamoja nayo. Tuseme miguu na magurudumu yote mawili ni kilo 1.8, na uzito huo unasogea sentimita 24: kwa ndege ya kilo 24, kitovu kizima kinarudi nyuma sentimita 1.8. Upana wa wastani wa bawa lako kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 48, kwa hiyo badiliko hilo si dogo. Aliyepima miguu ikiwa nje hupaa vizuri, hukunja miguu, na ghafla mkono wake unaona ndege imekuwa na wasiwasi. Kwa B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, mambo ni kinyume, kwani miguu yake hukunjwa kuelekea mbele.

Jihadhari pia na mpaka wa kilo 25. Ukiuvuka, nchini Uingereza unahitaji idhini ya mamlaka ya anga, kupitia mpango unaosimamiwa na Large Model Association, chama cha wapenzi wa ndege kubwa za mfano, na wakaguzi wake huanza kuiangalia ndege ingali mifupa. Kama mizani yako inakaribia hapo, wasiliana nao sasa, bawa likiwa wazi.

Na kwa kuwa uko Lincoln, una bahati ambayo wengi wetu hatuna. Nenda kwenye makumbusho ya ndege ya East Kirkby, ilipo Lancaster halisi yenye namba NX611, uchuchumae karibu na mguu na upige picha za zile fimbo za nyuma kutoka kila upande. Picha za vitabuni huonyesha gurudumu na kulificha goti.

SWALI: Niko Hamilton, Ontario, karibu na mojawapo ya Lancaster mbili tu zinazoruka hadi leo. Miguu ya mfano wangu hutumia hewa ya kubana, na kila baridi inapoingia mguu mmoja hushuka nusu. Je, nihamie kwenye umeme? — Msomaji, Hamilton

JIBU: Kwanza badilisha oringi za silinda, yaani pete za mpira zinazozuia hewa isivuje, na uzipake mafuta ya silikoni, kwa sababu mpira hukakamaa kwenye baridi na hewa hupenya taratibu. Jaza tangi, subiri dakika 30 ndege ikiwa nje kwenye baridi ile ile, kisha usome geji tena. Ikiwa shinikizo bado linashuka, hamia kwenye umeme, na miguu uipe betri yake yenyewe, tofauti na ile ya risiva, kifaa kinachopokea amri za rimoti. Mguu mmoja ukikwama angani na mwingine uko nje, ukunje ulioshuka na utue kwa tumbo kwenye nyasi. Propela ni rahisi kuzibadilisha kuliko bawa.