Prof, na mazuku je?

Nafundisha biolojia na kemia katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na somo lililonibadilisha kama mwalimu nilipewa na mwanafunzi wangu. Siku hiyo tulikuwa na somo la kolera. Nikaandika ubaoni "nadharia ya hewa chafu", nikaikata kwa mstari mrefu wa chaki, nikasema: zamani madaktari wa Ulaya waliamini kolera inaletwa na hewa inayopanda kutoka kwenye uozo. Ulikuwa ujinga mtupu. Hewa haiui mtu. Andikeni, tuendelee.

Msichana mmoja anayeishi Bulengo akainua mkono. "Prof, na mazuku je?"

Darasa zima likanitazama. Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali na Goma: mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, katikati ya mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji, kule Himbi, Keshero na kuelekea Mugunga. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama kwenye mashimo na mabonde kama maji, zaidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akishuka humo kutafuta majani, hapandi tena, na mtu akimfuata kumtoa, naye anaweza kubaki. Kwao yule msichana walishapoteza mbuzi wawili namna hiyo. Na mimi, prof wake, nilikuwa nimemwandikisha kwenye daftari kwamba hewa haiui mtu.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitalileta kesho, na jioni nikarudia kusoma habari ya kolera kwa macho mengine. Ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu, na wazazi mnaosaidia watoto kazi za nyumbani, kilitoka kwenye usomaji ule: nadharia ikianguka, msiitupe pamoja na yale iliyoyaona. Watoto waonyesheni kwanza iliona nini, ndipo muwaonyeshe ilikosea wapi.

Chukueni William Farr. Alikuwa mtu wa takwimu za vifo Uingereza, mtu makini sana. Baada ya kolera ya 1849 alipanga mitaa ya London kwa kimo chake juu ya mto Thames. Mitaa ya chini kabisa, karibu na maji, ilikuwa imezika zaidi ya watu 100 katika kila wakazi 10,000. Mitaa ya juu kabisa haikufika hata watu 10. Katikati, namba zilishuka hatua kwa hatua kadiri mlima unavyopanda. Farr akahitimisha: hewa chafu ya mto ni nzito zaidi huko chini, ndiyo inayoua. Namba zake zilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba watu wa chini walikuwa pia ndio waliokunywa maji machafu kuliko wengine.

Daktari John Snow alifikiri maji tangu mwanzo. Wengi wanakumbuka ile pampu ya Broad Street iliyoondolewa mpini Septemba 1854, lakini darasani mimi natumia kazi yake nyingine, ambayo kwangu ina nguvu zaidi. Kusini mwa London kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, wakati mwingine nyumba kwa nyumba. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea kwenda juu ya mto, kabla ya uchafu wa jiji. Nyingine, Southwark and Vauxhall, iliendelea kuchota penye uchafu. Snow akahesabu vifo vya wiki saba za kwanza za mlipuko: 37 katika kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya Lambeth, na 315 kwa zile nyingine. Majirani hao walivuta hewa moja. Maji tu ndiyo yaliyotofautiana. Nikiandika namba hizi mbili ubaoni huwa sisemi chochote kwa dakika nzima, nawaacha watoto wazitazame.

Hata hivyo wakubwa hawakumkubali Snow, na alifariki Juni 1858 bado wanabishana. Kiangazi hichohicho Thames ilinuka kiasi cha wabunge kushindwa kukaa bungeni, wakampa mhandisi Joseph Bazalgette fedha za kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Walitaka kuondoa harufu. Mifereji ikaondoa kinyesi kwenye maji. Kolera iliporudi 1866 ilipiga mashariki mwa jiji, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika. Na Farr, yuleyule wa hewa, akafuata namba zake hadi kwenye maji ya kampuni moja, akabadili msimamo wake hadharani. Huyu namheshimu sana.

Sasa mnielewe kwa nini niliona haya. Mama yangu mkubwa, aliyenilea, hadi leo husema kolera inakuja na harufu, na miaka mingi nilikuwa namkatiza kwa ukali: "Mama, hiyo ni mambo ya kale!" Sikuwahi kumwuliza ameona nini. Baada ya lile swali nilikaa naye, nikamwuliza. Akanieleza Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa mjini na kando ya barabara. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Ardhi yetu ni jiwe la lava, choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Watu walichota ziwani, na makumi ya maelfu wakafa kwa majuma machache. "Harufu ilifika kwanza, mwanangu, halafu maiti." Aliyaona kwa macho yake. Harufu na kifo vilikuwa vimetoka mahali pamoja, kwenye kinyesi kisicho na pa kwenda, na yeye akashika kile ambacho pua ilimwambia. Ni jambo lilelile lililompata Farr.

Kwa hiyo ukitaka kumtoa mzee kwenye fundisho la zamani, anza kwa kumwuliza ameona nini, na umsikilize hadi mwisho. Mimi nilimwambia: Mama, ulichokiona ni kweli, ila kilichoua kilipita ndani ya bidoni, lile dumu la maji. Safari hiyo hakunikasirikia.

Kuna hoja nyingine mtakayokutana nayo, hasa kwa vijana wa ufukweni: "Tumekunywa maji ya ziwa tangu utoto na hatujafa." Msiicheke. Iliwahi kusemwa na profesa mkubwa. Daktari Mjerumani Robert Koch aliifuata kolera hadi Misri na India, na 1884 akatangaza kidudu chake kwa ushahidi. Profesa Max von Pettenkofer wa München, Ujerumani, hakukubali kwamba kidudu peke yake kinatosha, na 1892 akanywa vijidudu hivyo. Aliharisha kidogo tu. Lakini wengi wanaoingiwa na kidudu cha kolera hawaugui, au huugua kidogo, huku wakikitoa kwenye choo na kukifikisha kwa wengine. Mwili wa mtu mmoja haukuweza kujibu swali lile. Zilihitajika zile nyumba elfu nyingi za Snow.

Halafu nadharia hazikuacha kubadilika enzi za babu zetu. Mimi mwenyewe nilinyimwa pilipili miaka kadhaa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, nikaambiwa ni mawazo na chakula kikali. Kumbe Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikuwa wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria, wakapewa Nobel 2005. Nilipopimwa na kupewa antibiotiki, nikapona. Kama unatibiwa kwa ushauri wa miaka ishirini iliyopita, rudi ukapimwe upya.

Kesho yake, kama nilivyoahidi, nilimjibu yule msichana mbele ya wenzake. Nilifuta ile sentensi, nikawaomba nao waifute. Tukaandika: hewa inaweza kuua, na mazuku inaua kwa kukosesha pumzi, bila harufu yoyote, kolera inanuka lakini inaingia kwa kinywa. Akauliza kama mshumaa unazimika ndani ya mazuku. Unazimika, nikamwambia, na usishuke kujaribu.

Nyumbani, mama mkubwa bado anachoma majani ya mikaratusi akisikia kolera iko kwenye kartie yetu, yaani mtaa wetu. Simzuii. Bidoni ikishuka kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaita mtu atie klorini, anafunga kizibo, na hakuna anayeruhusiwa kugusa kikombe hadi nusu saa iishe. Juzi nilirudi na kiu nikanyoosha mkono mapema. Alinipiga kofi la vidole.