Pima pH kabla ya kumimina maji kwenye wino

Msomaji anayechapa maboksi ya kadibodi kwa flekso (uchapaji wa pleti laini) ameandika: wino wake huanza vizuri asubuhi, lakini kufika saa sita mchana unakaukia kwenye pleti, yaani bamba lenye maandishi ya kuchapwa, na matundu ya herufi ndogo yanaziba. Ameshaongeza maji mara tatu. Sasa rangi imepauka, na maboksi yakisuguana wino unabanduka.

Maji hayakuwa dawa. Resini ya wino wa maji wa flekso huyeyuka kwenye alkali. Mashine ikizunguka, amini (alkali iliyomo kwenye wino) hupeperuka, pH (kipimo cha ualkali) hushuka, resini hushindwa kukaa kwenye myeyuko na wino unakuwa mzito. Ukimimina maji, uzito unashuka, lakini umepunguza rangi pamoja na resini ileile inayoushika wino kwenye karatasi.

Basi anza na pH. Wino mwingi wa aina hii hutaka 8.5 hadi 9.5. Chini ya hapo hukaukia kwenye pleti. Juu ya hapo huchelewa kukauka na kuchafua boksi linalofuata. Pima kila nusu saa. Ikishuka, tia kirekebishi cha pH kidogo kidogo huku ukikoroga, ngoja dakika chache, pima tena. Ndipo uchukue kikombe cha Zahn namba 2, chenye tundu chini, upime uzito wa wino kwa muda unaotumia kutiririka: sekunde 20 hadi 30 ni kawaida, ingawa karatasi ya maelekezo ya wino wako ndiyo yenye neno la mwisho. Andika na joto la wino, maana wino wa baridi hutiririka polepole na utakudanganya.

Povu? Zamisha mdomo wa bomba la kurudishia wino chini ya uso wa wino kabla hujakimbilia dawa ya povu. Dawa ikizidi, chapa hutoka na vidoa vitupu kama macho.

Rangi ikibaki hafifu, wengi hukaza mgandamizo. Acheni! Mgandamizo ukizidi, herufi huota kingo nyeusi, mawimbi ya kadibodi hupondeka, na boksi halihimili tena kupangwa. Kagua kwanza vijishimo vya roli ya aniloksi, ile inayopeleka wino kwenye pleti. Vikijaa wino mkavu, roli hubeba wino kidogo hata kama ndoo ina wino safi. Ioshe kabla wino haujakauka, na rangi uilinganishe juu ya kadibodi ileile ya kahawia, si juu ya karatasi nyeupe.